Kamba za Mwani Zihamie Mchangani

Mwani unaofungwa kambani leo Unguja na Pemba si wa asili ya bahari hii. Mbegu yake ililetwa kutoka Ufilipino, na mwaka 1989 mashamba yakaanza Paje na Jambiani. Maelfu ya wanawake wamesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa fedha yake. Hakuna mwenye haki ya kuwaambia waache.

Lakini shamba likipangwa juu ya majani ya bahari, majani ndiyo yanayoumia. Wapo wanaoyang'oa kabla ya kuchomeka vijiti. Yanayosalia hukosa jua, hukwanguliwa na mwani unaoyumbishwa na mawimbi, na hukanyagwa kila maji yanapotoka. Watafiti waliopima mashamba ya mashariki ya Unguja walikuta chini yake majani machache na mafupi, na viumbe wadogo wa mchangani wamepungua. Changu hula viumbe hao. Pono hula majani yenyewe. Ndiyo maana wavuvi wa Chwaka hutega madema humo, na akinamama, wakiwemo wakulima wa mwani, huokota chaza na kombe humo humo. Hasara inaingia nyumba ileile iliyopata faida.

Wala mwani huu mgeni hautulii shambani. Kipande kilichokatika huchukuliwa na mkondo, kikanasa, kikaota. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa aina za Asia sasa zimetawala hata katika mwani unaoota wenyewe Zanzibar, na aina za asili zimekuwa chache.

Basi mzigo huu si wa mkulima peke yake. Kamati za uvuvi za shehia ziwakutanishe wakulima, wavuvi wa madema na waokotaji wa chaza. Wakubaliane palipo mchanga mtupu, kamba zihamie huko, na majani yasing'olewe tena. Wanunuzi wanaogawa kamba na mbegu walifanye hilo sharti. Mashamba yaliyoachwa yaondolewe vijiti ili majani yarudi.

Kipo pia kilimo cha maji ya kina, ambacho mtafiti Flower Msuya na wenzake wamekijaribu kwa nyavu zenye umbo la bomba. Kinadai boti na kujua kuogelea, vitu ambavyo wanawake wengi wa pwani hawana. Hapo serikali na wenye hoteli, wanaouza uzuri wa bahari hiyo hiyo, watoe boti na mafunzo. Lakini kuweka alama za mipaka kati ya mchanga na majani hakuhitaji kusubiri fedha: bamvua lijalo, maji yakitoka, kila kamati inaweza kushuka pwani na wakulima wake na kuanza.