KURA YA BUTURA

Najua nimepotea. Tesiti zilibana, halafu bumu likachelewa, na mtu asiye na bumu hata nguvu ya kuandika hana, hehe. Leo nimerudi, ila nimerudi na hasira kidogo. Mnivumilie.

Mnakumbuka mwaka 2025, ile miezi ya kabla ya kura za maoni? Sisi tunaotoka Karagwe na Kyerwa tulialikwa kwenye kikao cha "kufahamiana". Mwenyeji wetu alikuwa mtia nia mmoja, simtaji jina, na wala hakufika mbali. Pilau ilikuwepo, soda zilikuwepo, na mwisho kila mtu alipewa bahasha ya nauli yenye elfu kumi. Mheshimiwa mtarajiwa akasimama, akakohoa kidogo, akaanza: akipita ataleta lami, ataleta maji, ataleta ajira za walimu. Ataleta, ataleta, ataleta! Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Na mimi nilipiga, na bahasha nilipokea. Nasema mapema ili msidhani nawahubiria kutoka mbinguni.

Usiku nikiwa kitandani nikamkumbuka babu yangu na butura.

Kwa wadau msiotoka Kagera, butura ni hivi. Mkulima ana shida ya haraka: mtoto anaanza kidato cha kwanza, au kuna mgonjwa, au msiba. Kahawa bado ni maua mtini. Anakuja mtu mwenye fedha taslimu, anainunua kahawa hiyo hiyo ikiwa bado maua, kwa bei anayotaka yeye. Msimu ukifika, kahawa inaiva kwenye shamba lako, umeipalilia wewe, lakini siyo yako. Unaangalia tu inavyoondoka. Serikali imeshapiga marufuku mara kadhaa, lakini shida haisomi tangazo. Babu aliwahi kuuza hivyo. Mavuno yalipofika alikaa barazani akiangalia watu wengine wakichuma kwake, na siku ile hakuongea na mtu.

Sasa hoja yangu ni hii, na najua kuna watakaonuna: sisi watu wa Karagwe na Kyerwa tunauza kura zetu kwa butura, na sisi tunaojiita wasomi ndio madalali wenyewe.

Tuanze na sheria, maana watu wanadhani bahasha ni "utamaduni wetu". Mwaka 2000 Bunge lilibadilisha sheria ya uchaguzi na kuhalalisha kitu kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Ukarimu gani huo unaokuja mara moja kwa miaka mitano? Mashirika ya LHRC, LEAT na NOLA yakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 Mahakama ikasema vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba. Ukiruhusu takrima, mgombea masikini ameshashindwa kabla hajapanda jukwaani. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ikaweka utaratibu wa matumizi ya wagombea na kukataza zawadi za kushawishi kura. Kwa hiyo pilau letu halikuwa utamaduni. Lilikuwa butura yenye nyama.

Tuje kwenye neno "ataleta". Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mwaka mmoja kutoka sasa nitasimama mbele ya watoto kufundisha uraia, na sitaki kuwafundisha uongo.

Mbunge haleti barabara. Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 99. Bunge halishughulikii muswada wa kuongeza kodi au kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka Rais awe amependekeza jambo hilo, na pendekezo liletwe na waziri. Maana yake mbunge wako, hata akiwa na sauti kama radi, hawezi kuamka asubuhi Dodoma akapeleka muswada wa kuipa fedha barabara ya Omugakorongo–Kigarama–Murongo. Anaweza kuomba, anaweza kupiga kelele, anaweza kumsubiri waziri mlangoni. Hilo sikatai, na kelele zinasaidia. Lakini fedha ni kodi: kodi ya mama yangu anaponunua sabuni Omurushaka, kodi ya bodaboda wa Nkwenda anapoweka mafuta. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Humo hakuna hata senti moja iliyotoka mfukoni mwa mheshimiwa kama zawadi kwetu. Halafu tunaandaa ngoma kumshukuru!

Barabara hiyo niliyoitaja ina zaidi ya kilomita 100, inatoka Karagwe inapita Kyerwa hadi mpakani na Uganda. Nimeisikia kwenye kampeni tangu nikiwa darasa la kwanza. Kila uchaguzi inauzwa upya. Hata kahawa ya butura inauzwa mara moja kwa msimu!

Kazi ya mbunge ni nini basi? Katiba ibara ya 63 imesema: Bunge ni chombo cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kusimamia! Kuuliza fedha zimekwenda wapi. Lakini angalia mitego iliyopo. Ibara ya 90 inasema Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja, kwa hiyo mbunge anayesema "hapana" anaweka kibarua chake rehani. Halafu kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, wa sheria ya 2009. Mwenyekiti wa kamati yake jimboni ni nani? Mbunge mwenyewe. Yule anayetakiwa kuuliza matumizi ndiye anayegawa mabati. Mwalimu akitunga mtihani, akaufanya, akausahihisha mwenyewe, mtashangaa akipata A?

Na sisi wa Karagwe tuna la kwetu. Mbunge wetu Innocent Bashungwa alichaguliwa 2015, akaingia serikalini Novemba 2018 kama naibu waziri wa kilimo, na kuanzia hapo akashika wizara moja baada ya nyingine mpaka uchaguzi wa 2025. Wengi tulijivunia, na kujivunia mtu wa kwenu siyo dhambi. Lakini jiulizeni: kwa miaka yote hiyo nani aliiuliza Serikali maswali kwa niaba ya Kayanga na Nyaishozi? Waziri haiulizi Serikali, yeye ndiye Serikali. Kosa si lake, Katiba ndiyo inataka mawaziri watoke bungeni. Kosa letu ni kudhani kiti cha waziri ni mzigo wa zawadi unaokuja na basi la jioni.

Sasa rudini kwenye ile bahasha ya elfu kumi. Sisi wa ualimu tumefundishwa darasani kwamba ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi inahesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kilichokuja na mpango wa MMEM ulioanza 2002. Kwa mwaka mzima, wadau! Nilipokuwa fildi, kwenye shule moja nisiyoitaja, chaki tulikuwa tunavunja vipande viwili ili zifike Ijumaa. Jioni moja ya pilau mimi peke yangu nilikula ruzuku ya mtoto mmoja ya mwaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini kiwango hicho hakipandi wakati bei ya kila kitu imepanda. Tuliuliza kama kuna soda nyingine.

Najua mtakachosema. Rafiki yangu wa chumba cha jirani ameshanipigia kelele: "Kura ipi unayoizungumzia wewe?" Ananikumbusha Novemba 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa, chama kimoja kilichukua karibu asilimia 99 ya vijiji. Ananikumbusha Aprili 2025 CHADEMA walivyozuiwa kushiriki baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili. Ananikumbusha Oktoba 29, maandamano, intaneti kuzimwa, watu kupoteza maisha. Anasema ukiuza kitu ambacho hata hivyo hakihesabiwi, umepoteza nini? Bora ule pilau.

Simcheki. Hoja yake ni nzito kuliko zangu nyingi, na waliokufa siyo mfano wa kuchezea. Mwaka 2024 zilipitishwa sheria mpya za uchaguzi, Tume ikabadilishwa jina ikawa Tume Huru, na ule mchezo wa kupita bila kupingwa ukaondolewa, kwamba hata mgombea akiwa peke yake apigiwe kura. Kwenye karatasi ni hatua. Lakini mwaka uliofuata mnaujua. Huru ya jina na huru ya kweli ni vitu viwili.

Ila namjibu hivi. Mkulima aliyeuza kwa butura hana mdomo wa kulalamikia mizani. Akienda kusema "mmenipunja kilo", anaulizwa: kahawa ni yako? Ndivyo tulivyo. Mtu aliyechukua bahasha Julai atasimama na uso gani Novemba kuuliza hesabu? Wanaotaka kura isiwe na maana wanahitaji kwanza sisi tuiuze kwa bei ya vocha. Na tena, kuuliza fedha hakusubiri Oktoba ya mwaka wa tano. Kila mwaka Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi Juni, wakati huo huo kahawa yetu inaanza kuingia sokoni. Maneno ya kila mbunge yanaandikwa kwenye Hansadi na yanasomeka bure. Tangu lini mmeona mtu wa Kyerwa akisoma Hansadi ya mbunge wake? Tunasoma mabango tu.

Na kijijini upo mkutano mkuu wa kijiji. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Wazee wetu wanaogopa kuuliza, wanasema "wasomi wapo watatuulizia". Wasomi wenyewe likizo tunakwenda kubeba spika za kampeni na kuvaa fulana. Ndiyo maana nimesema sisi ni madalali. Babu zetu waliuza kahawa kwa sababu ya shida. Sisi tunauza kwa sababu ya soda.

Ile elfu kumi siwezi kuirudisha, nilishaila, chipsi mayai na vocha. Lakini likizo hii narudi nyumbani, na mkutano wa kijiji ukiitishwa nitanyoosha mkono niombe kusomewa mapato na matumizi. Mama ameshanionya kwenye simu: "Mwanangu, usije ukatuletea maneno na viongozi." Naogopa kidogo, sikatai. Nyie mnaotoka Kaisho, Mabira, Ihembe na Bugene, mkinisikia nimekaa kimya siku hiyo, nizomeeni hadharani. Na mkikaa kimya nyie, mjue nami nitawazomea.

Anayebisha abishe, ila aje na hoja, asije na fulana. Tuko pamoja.