Tukishamzika shujaa, deni la nyumba yake atalipa nani?



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, yupo mama mjane ambaye Maandiko hayakututajia jina lake. Mume wake alikuwa miongoni mwa wana wa manabii, mtu mcha Mungu. Sasa amekufa. Mama huyo anamwendea nabii Elisha akilia, na kilio chake si cha kutaka kuambiwa kwamba marehemu alikuwa mtu mwema. Hilo analijua, na Elisha pia analijua. Anachosema ni kwamba mdai amefika, anataka kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa kufidia deni.

Naomba usiipite haraka habari hiyo. Mtu amemtumikia Mungu, amekufa na sifa njema, lakini deni lake halikufa pamoja naye. Sifa njema haimzuii mdai kubisha hodi.

Kila mwaka ifikapo Septemba namkumbuka mjane yule, kwa sababu ni mwezi ambao dunia inakumbuka mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani. Karibu watu 3,000 waliuawa siku hiyo. Kati yao walikuwamo askari wa zimamoto 343 wa jiji la New York, watu waliokuwa wanaingia kwenye majengo wakati wengine wanakimbia kutoka.

Mmoja wao aliitwa Stephen Siller, mwenye umri wa miaka 34. Asubuhi ile alikuwa ameshamaliza zamu ya usiku katika kituo chake kule Brooklyn, na alikuwa njiani kwenda kucheza gofu na kaka zake. Aliposikia kwenye redio kwamba jengo limegongwa na ndege, alimpigia simu mkewe awaambie kaka zake kwamba atawakuta baadaye. Akageuza gari, akapitia kituoni kuchukua zana zake. Alipofika kwenye handaki linalopita chini ya maji kutoka Brooklyn kwenda Manhattan, alikuta limefungwa, magari hayapiti. Akaliacha gari lake, akajitwika zana zenye uzito wa zaidi ya kilo 25, akakimbia kwa miguu kupita handaki hilo lenye urefu wa karibu kilomita 3, mpaka kwenye yale majengo mawili. Hakurudi. Aliacha mke na watoto watano.

Siku hiyohiyo alikufa padre mwenzangu, Mychal Judge, Mfransisko, aliyekuwa kapelani wa kikosi cha zimamoto cha jiji hilo. Askari walimbeba hadi kanisani, wakamlaza mbele ya altare. Namheshimu sana padre huyo. Lakini kuna jambo ambalo sisi mapadre lazima tulikubali: tukifa, hatuachi mjane, hatuachi watoto wanaosubiri ada, wala hatuachi mkopo wa nyumba. Kwa hiyo ni rahisi kwetu kuhubiri juu ya kuutoa uhai kwa ajili ya rafiki, kama Bwana anavyofundisha katika Yohane 15. Baba wa familia anayekimbilia moto anatoa uhai wake, na bila kuwauliza anatoa pia kitu kikubwa cha mke wake na watoto wake. Wao ndio wanaoendelea kulipa baada ya yeye kumaliza kulipa.

Ndiyo maana leo nataka tuwashukuru watu ambao hutajwa kidogo: wale wanaobaki na familia baada ya turubai kukunjwa.

Ndugu zake Stephen walianzisha mfuko unaoitwa Tunnel to Towers, jina linalokumbusha safari yake kutoka handakini hadi kwenye minara. Stephen alikuwa kitindamimba wa watoto saba. Alifiwa na baba na mama kabla hajafikisha umri wa kubalehe, akalelewa na kaka na dada zake. Wazazi wao walikuwa Wafransisko walei, na neno walilowaachia watoto ni lile linalohusishwa na Mtakatifu Fransisko, la kutenda mema maadamu nafasi ipo. Mtume Paulo anawafundisha Wagalatia jambo hilohilo, sura ya 6 aya ya 10. Familia hii ilijua yatima ni nani kwa sababu iliwahi kumlea mmoja mezani pake.

Tangu mwaka 2002, kila Septemba, watu hukimbia kufuata njia aliyopita Stephen, na fedha zinazopatikana huingia kwenye mfuko. Desemba 2014 polisi wawili walipigwa risasi na kuuawa wakiwa wameketi ndani ya gari lao huko Brooklyn, na mfuko ukaahidi kulipa mikopo ya nyumba za familia zao. Kutoka hapo umekuwa mpango wa kudumu: askari wa zimamoto au polisi akifa kazini na kuacha watoto wadogo, mfuko unalipa deni la nyumba ili mjane asifukuzwe na benki. Na wafadhili huombwa nini? Dola 11 kwa mwezi. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wala si wao wa kwanza. Katika jiji la Detroit, miaka ya 1950, mfanyabiashara wa magari aliguswa na kifo cha polisi kijana aliyeacha mke mjamzito. Akawaandikia rafiki zake 100, akiwaomba kila mmoja achangie. Wakaitikia. Fedha zile zililipa deni la nyumba, na nyingine zikawekwa kwa ajili ya elimu ya mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa. Mpaka leo miji mingi ya Marekani ina vyama vinavyofuata mfano huo.

Sasa rudi nami kwa Elisha, uone jinsi watu hawa wanavyotembea katika nyayo zake.

Kwanza, Elisha hatoi hotuba. Anauliza maswali mawili: nikufanyie nini, na una nini nyumbani? Mama anajibu kwamba ana chupa ya mafuta tu. Msaada wa kweli unaanza kwa kuuliza, kwa sababu mfiwa ndiye anayejua kiatu kinambana wapi. Huyu anahitaji ada, yule anahitaji kodi ya pango, mwingine anahitaji mtu wa kumsindikiza tu katika ofisi ambazo hajawahi kuingia.

Pili, Elisha anamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, wala visiwe vichache. Muujiza ni wa Mungu, lakini vyombo ni vya mtaa mzima. Na mafuta yalikoma pale vyombo vilipokwisha. Baraka ilipimwa kwa ukubwa wa ujirani. Rafiki 100 wa Detroit walikuwa vyombo 100. Dola 11 ni kikombe kidogo, lakini vikombe vikiwa vingi nyumba inabaki kuwa ya mjane.

Tatu, Elisha anamwambia afunge mlango, yeye na wanawe, ndipo amimine. Hakumweka barazani ili watu waone anavyosaidiwa. Tuwe waangalifu hapa sisi wa siku hizi, ambao hatuwezi kumkabidhi mjane kilo kumi za unga bila kupiga picha.

Mwisho nabii anamwagiza auze mafuta, alipe deni, na kinachobaki yeye na wanawe wakitumie kuishi. Kulipa deni, halafu kuishi. Rambirambi zetu nyingi hazifiki hata kwenye jambo la kwanza.

Msomaji mmoja atasema: Baba Padre, hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na Kanisa halipingi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya utume wa walei, ulifundisha kwamba kile ambacho mtu anastahili kwa haki kisitolewe kana kwamba ni zawadi ya upendo. Anayekufa akiitumikia nchi anastahili fidia, na familia yake haipaswi kuipigia magoti. Marekani ilitunga sheria ya fidia ya namna hiyo mwaka 1976. Hata hivyo mafao hupitia kwenye mafaili, na mafaili yana mwendo wake, wakati deni la benki linahesabu siku. Kati ya siku ya mazishi na siku ya malipo kuna njaa. Katika nafasi hiyo ndimo upendo unaposimama, bila kuiondolea serikali wajibu wake.

Usidhani kwamba jambo hili ni la matajiri peke yao. Mwaka 2002, kijana Mmasai, Wilson Kimeli Naiyomah, aliyekuwa New York siku ya mashambulizi, alirudi kijijini kwao Enoosaen, kwa jirani zetu Kenya, akawasimulia wazee aliyoyaona. Wazee wakatoa ng'ombe 14 kuwafariji Wamarekani. Mwakilishi wa ubalozi wa Marekani akafunga safari hadi huko kuwapokea. Ng'ombe hawakusafirishwa, walibaki kijijini wakitunzwa na kuzaana. Je, ng'ombe 14 waliijenga New York? Hapana. Lakini Mmasai anajua kwamba ukimpa mtu ng'ombe umemwambia kuwa msiba wake umeingia kwako.

Na sisi tujitazame. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika, kwa mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, wengine 24 wakaokoka. Bukoba ilitufundisha kwamba mara nyingi mwokoaji wa kwanza kwetu hana sare, hana bima, hana pensheni. Nawaza: kama mmoja wa wavuvi wale angezama katika kuokoa, baada ya kumwimbia na kumzika, nani angemaliza deni la nyavu zake?

Hali kadhalika askari wa zimamoto anayeitika tunapopiga 114, muuguzi anayemhudumia mgonjwa wa homa ya kuambukiza, polisi anayesimama barabarani usiku kwenye ajali. Tunajua kuzika. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinajua kuleta maji, kuni, sufuria na daftari la michango. Ni jambo jema, tuliendeleze. Lakini baada ya arobaini daftari linafungwa, na shule zinafunguliwa Januari.

Lazima niseme na neno gumu. Kwa mjane wa Elisha, mdai alitoka nje. Kwetu, mara nyingine mdai anatoka ndani, ana jina moja la ukoo na marehemu. Alilia kaburini kuliko wote, na wiki ya pili anauliza ilipo hati ya kiwanja. Ndugu yangu, ukimfukuza mjane wa kaka yako katika nyumba ambayo kaka yako aliijenga kwa jasho, usilete matoleo ya Misa ya kumwombea. Anza kwa kurudisha ufunguo.

Wengine wetu tufanye lililo mikononi mwetu. Katika jumuiya yako yupo mwalimu, karani, mwanasheria au mstaafu anayejua taratibu. Amsindikize mjane mahakamani kufungua mirathi, na kwenye ofisi za mafao. Parokia iweke mfuko mdogo wa ada kwa watoto wa waliokufa wakiwaokoa wengine, wenye hesabu zinazosomwa wazi na majina ya watoto yasiyotangazwa. Na kama kuna shirika linalofanya kazi hii kwa uaminifu mahali ulipo, usiishie kulisifu. Lipe chombo chako.

Haya yote aliyafanya Bwana wetu kabla yetu. Pale msalabani, akiwa katika kutoa uhai wake kwa ajili ya ulimwengu wote, alimwona Mama yake amesimama, ambaye kwa mapokeo yetu alikuwa mjane. Hakusema kwamba wokovu wa ulimwengu ni jambo kubwa mno hata asihangaike na mahali atakapolala mama mmoja. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na Injili ya Yohane, sura ya 19 aya ya 27, inasema kwamba tangu saa ile mwanafunzi huyo alimchukua nyumbani kwake. Tangu saa ile, yaani bila kungoja arobaini. Yohane hakuwa na njia ya kumrudishia Yesu uhai alioutoa. Alichoweza ni kumpa mama yake nyumba, na hiyo ndiyo shukrani ambayo Bwana mwenyewe alimwomba.

Leo kwenye Misa, tukiwaombea marehemu wote waliotoa uhai wao ili wengine waishi, mwombee pia kila anayelipa deni la nyumba isiyo yake. Kisha, ukitoka kanisani, pitia kwa mjane mmoja unayemfahamu, umwulize swali la Elisha: nikufanyie nini?

Nakutakia Dominika njema.