Sehemu ya 4: Kifaa hakijafa, mama

Mama zangu wa Karagwe na Kyerwa, leo sing'ati maneno. Shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia mtoto kusikia, si redio kwamba betri yoyote ikienea basi.

Utaambiwa, "Nunua ya saa hapo Omurushaka, si zote duara?" Hapana! Betri yake hutumia hewa, na ina namba na rangi: 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Bandua kistika, subiri dakika moja, ndo uweke. Mtoto akiimeza, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Kikipiga mluzi, usimfokee. Huenda sikio limekua, na kile kipande cha ndani kimelegea. Cha mtoto wa jirani usiazime, kilichongwa kwa sikio la mwenyewe.

Na sisi watoa huduma tujisute. Kumpa mama wa Murongo kifaa bila kumwandikia namba ya betri na mahali pa kuipata ni kumpa jembe bila mpini, kisha tunamwita mzembe!

Mama, usitoke mlangoni bila majibu hayo mawili. Kuuliza si ujeuri. Mtumie na mwenzio.