Kimya cha Seva Si "Hapana"



Mwaka jana tulipochangishana kusafirisha mwili wa mwenzetu kwenda Tanga, mimi ndiye niliyejitolea kutengeneza programu ndogo ya kupokea michango kwa kadi. Siku mbili mambo safi. Siku ya tatu dada mmoja akanipigia: "Kaka, nimechanga pauni 50, mbona benki imekata 150?" Hela ya pango ilikuwa humo humo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kosa lilikuwa langu. Programu yangu ilizungumza na API ya kampuni ya malipo, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuomba kazi kwa nyingine. Nikaiagiza: usipojibiwa kwa sekunde 10, tuma tena. Basi seva ya wenzetu ikaelemewa. Inapokea ombi, inakata hela, jibu linapotea njiani. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani, akichelewa unamtuma wa pili, halafu wa tatu. Wote wanarudi na sukari.

Jamani, hasa nyie mnaoandika programu za malipo kwa ajili ya nyumbani, tusome namba za makosa. Zinazoanza na 4 zinasema tatizo liko kwako: 400 ombi limeandikwa vibaya, 401 hujajitambulisha. Mara nyingi kurudia ombi lile lile ni kelele tu. Isipokuwa 429, iliyowekwa rasmi mwaka 2012: umezidisha maombi, subiri, na mara nyingi seva inakutajia sekunde ngapi. Zinazoanza na 5, tatizo liko kwao. Unaweza kujaribu tena kwa kuongeza nafasi, sekunde 1, 2, 4.

Lakini kusoma salio ni kitu kimoja, kukata hela ni kingine. Kila malipo yapewe namba yake ya pekee, na ukirudia utume namba ile ile, ili seva itambue kwamba kazi hii imeshafanyika. Kampuni ile ilikuwa na utaratibu huo, umeandikwa kabisa kwenye maelezo yao. Sikuusoma.

Wapo wanaosema haya ni makuu kwa programu ya wanafunzi. Sikubali. Mwenye mshahara mnene anaweza kungoja arudishiwe, sisi je?

Dada alirudishiwa pauni zake 100 baada ya siku 6, tarehe ya kodi imeshapita. Na yale maneno yangu ya "Kuna hitilafu, jaribu tena" nimeyafuta. Sasa inasomeka: "Hatujajua kama malipo yamepita. Usibonyeze tena, tunakagua."