Heshima Inayowafaa Wanaozihudumia Familia za Mitaani

Sensa ya familia za mitaani iliyofanywa nchini Kenya mwaka 2018 iliwahesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani, zaidi ya 15,000 kati yao wakiwa Nairobi na zaidi ya 7,000 Mombasa. Familia za mitaani, kwa maana inayotumika katika shughuli za serikali, si watoto peke yao, ingawa hao ndio wanaoonekana zaidi penye taa za barabarani na katika vituo vya matatu. Ni pia akina mama wanaolea vichanga kwenye vibaraza vya maduka, vijana waliokulia mjini bila kujua kwao ni wapi, na wazee waliokosa wa kuwatunza. Baina ya watu hawa na ofisi zinazopaswa kuwahudumia lipo kundi jingine ambalo ni nadra kuhesabiwa: mama wa kibanda cha chakula anayetenga githeri ya jioni kwa ajili yao, muuguzi anayeosha vidonda baada ya zamu yake, waumini wa msikiti au kanisa wanaochanga blanketi, na vijana waliowahi kulala nje wao wenyewe ambao sasa hurudi kwenye besi, yaani maskani ya usiku, kuwatafuta wadogo zao. Wito huu unawahusu wao, na unaelekezwa kwa wananchi wenzao.

Kazi ya wahudumu hawa wa kujitolea haijulikani vyema, kwa kuwa kinachoonekana kwa mpita njia ni sahani ya chakula tu. Mtoto aliyezoea kunusa gundi, ambayo humsahaulisha njaa na baridi huku ikimharibu ubongo, haachi mtaa kwa sababu gari la uokoaji limesimama mbele yake. Huacha baada ya mtu mmoja kumtembelea mara nyingi, kumwita kwa jina lake, kumtibu jeraha bila kumhoji, na hatimaye kuaminiwa kiasi cha kuambiwa nyumbani ni wapi na kwa nini alitoroka. Hapo ndipo huanza kazi ya kumrejesha kwa jamaa zake, kazi inayodai nauli na subira, na mara nyingine mazungumzo magumu na mtu yule yule aliyemtesa. Kwa kijana aliyetimiza miaka 18 mambo huwa mengine, maana bila cheti cha kuzaliwa hapati kitambulisho kwa urahisi, na bila kitambulisho ni vigumu kwake kuajiriwa au kujisajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Anayemsindikiza kwa chifu, akasimama naye kwenye foleni na kurudi naye kesho yake, aghalabu si mwajiriwa wa ofisi yoyote.

Historia yenyewe inaonyesha kwamba waliojitolea walitangulia. Chama cha Undugu, kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1973 na Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, kilianza kwa kuwaendea vijana pale walipokuwa, wakati ambapo sheria ya uzururaji iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni ilikuwa bado inamhesabu mtu asiye na makao kuwa mkosaji wa kukamatwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1997, na Hazina ya Urekebishaji wa Familia za Mitaani ikaundwa mwaka 2003. Si haki basi kwamba watu waliokuwa mstari wa mbele kabla ya sera kuandikwa waendelee kuchukuliwa kama wapita njia wenye huruma, wanaoweza kufukuzwa na askari wa kanjo pamoja na wale wanaowahudumia.

Upo mfano wa karibu unaoonyesha namna ya kuwatambua. Kwa miaka mingi wahamasishaji wa afya ya jamii, yaani wanakijiji na wakazi wa mitaa waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuangalia afya ya wajawazito, watoto na wagonjwa, walifanya kazi bila malipo ya kudumu, wakishukuriwa kwa maneno na kwa fulana za sherehe. Mwaka 2023 Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi iliwapa nafasi rasmi, wapatao 100,000 wakakabidhiwa mikoba ya vifaa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ikapangwa kutolewa nusu na serikali kuu, nusu na kaunti. Hatua hiyo ilikuwa ya haki na ilichelewa. Hata hivyo, mpango wenyewe umejengwa juu ya kaya, kila mhamasishaji akikabidhiwa takriban kaya 100, na mtu asiye na mlango wa kubishwa huachwa nje ya orodha hata anapolala hatua chache kutoka zahanati. Anayemjua mtu huyo ni mhudumu wa kujitolea, ambaye naye hayumo katika orodha yoyote.

Haja ya watu wa namna hii itazidi kukua. Mkakati wa kitaifa wa marekebisho ya malezi ya watoto, wa mwaka 2022 hadi 2032, umekusudia kuwatoa watoto katika vituo vya kulelea na kuwarejesha katika familia, na hakuna familia inayoweza kupatikana, kuandaliwa na kufuatiliwa bila mtu wa karibu anayekubali kuipigia hodi mara kwa mara.

Kwa hiyo wananchi wanaombwa waiondoe shukrani yao kwenye makofi na vyeti vya ukutani na kuiweka mahali inapoweza kufanya kazi. Wakazi wa kila wadi, kupitia vyama vyao vya kuweka akiba, jumuiya za waumini na kamati za masoko, waandae orodha ya wahudumu walioridhia kuorodheshwa. Wawachangie nauli na vifaa vya huduma ya kwanza. Wawadai maafisa wa watoto na wa ustawi wa jamii wawape mafunzo na barua ya utambulisho ambayo askari ataiheshimu saa tano za usiku. Wahudumu wenyewe nao wanahitaji mtu wa kuwasikiliza, kwa sababu anayemzika mtoto aliyemlisha kwa mwaka mzima hubaki na majonzi yasiyoondolewa na semina moja.

Orodha hiyo isiwe wazi kwa kila mtu bila uchunguzi. Watoto wa mitaani ni windo jepesi kwa wenye nia mbaya, na jina la kujitolea limewahi kuwa kifuniko cha maovu; ndiyo maana cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, ambacho ada yake ni takriban shilingi 1,000, kidaiwe kwa kila mhudumu na kilipiwe na jamii inayomtuma. Vilevile tabia ya kumpiga picha mtoto akipokea mkate na kuisambaza ikomeshwe, kwa kuwa Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha ya kila mtoto, awe na nyumba au asiwe nayo.

Majina ya waliotumikia kwa miaka mingi yapelekwe pia kwa Baraza la Kitaifa la Mashujaa, lililoundwa chini ya Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014, ili Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, isiwakumbuke wanariadha na wapigania uhuru peke yao. Lakini uzito zaidi uwekwe kwenye fedha. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili na kuidhinishwa kabla ya mwisho wa Juni, na Katiba, katika Kifungu cha 201, inataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha za umma. Wakazi wa Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret wajitokeze katika vikao hivyo vya wananchi wakiwa na wahudumu wao na orodha mkononi, wadai fungu maalumu la mafunzo, bima na posho, na wawaulize wawakilishi wa wadi zao, kwa majina na hadharani, ni nani kati yao atakayeliunga mkono.