SHAURI KWA WAFUGAJI: Ndama Alaye Chakula Kikavu Apewe Maji

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa gredi katika sehemu za Kiambu na Nyeri huwapa ndama wao chakula kikavu mapema, nao hufanya vyema. Lakini wako wanaodhani kwamba ndama apewaye maziwa asubuhi na jioni hana haja ya maji. Dhana hiyo huleta hasara.

Ni kweli kwamba katika kila sehemu 100 za maziwa, karibu 87 ni maji. Walakini maziwa na chakula kikavu havifuati njia moja. Ndama anyonyapo, mfereji ulio mwisho wa koo hujikunja, na maziwa hupita moja kwa moja mpaka tumbo la nne. Chakula kikavu hushuka katika tumbo la kwanza, ambamo vijidudu vidogo mno hukichachusha na kukilainisha. Vijidudu hivyo haviwezi kufanya kazi mahali pakavu, na maji yanayovifaa hasa ni yale ndama anayokunywa mbali na maziwa.

Kwa hiyo chakula kikizidi, kiu nayo huzidi. Kwa kila kilo 1 ya chakula kikavu, ndama huhitaji lita 4 hivi za maji. Akikosa maji, hukiacha chakula. Huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kuwa ndama walionyimwa maji walikula chakula pungufu kwa asilimia 31, na uzito walioongeza ulipungua kwa asilimia 38.

Haikanushiki kwamba mahali pengi maji huchotwa bondeni, na mama wa nyumba hupanda nayo mgongoni. Lakini ndama alaye nusu kilo atatosheka na lita 2 hivi kwa siku. Mwenye kuyabania maji hayo hupoteza fedha alizonunulia chakula.

Basi tangu siku ya nne ndama awekewe maji safi katika ndoo yake, mbali kidogo na chombo cha chakula ili chakula kisilowe. Maji yabadilishwe kila siku, wala yasichanganywe na maziwa. Penye baridi kali, yafaa yawe ya uvuguvugu.

Ndama aharishaye ana shauri jingine, kwa maana hupoteza maji na chumvi pamoja. Ngozi ya shingo ikivutwa isirudi upesi, au macho yakizama, ni dalili kwamba mwili umekauka. Asinyimwe maziwa, aongezewe maji ya dawa yenye chumvichumvi, na daktari wa mifugo aitwe bila kukawia.

Mtamba aliyedumaa utotoni huchelewa kupata mimba, na mwenyewe huchelewa kuona maziwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.