Wakosee Darasani, Wasikosee Kariakoo

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, picha zilifika kwenye simu zetu vumbi halijatulia. Idadi ya waliofariki ikawa inapanda kila uchao: Jumapili ilitajwa 13, Jumatano ikawa 20, na haikukomea hapo. Ndugu waliosimama pale wakingoja watu wao watolewe kwenye kifusi walikuwa na simu mkononi, wakisoma yale yale tuliyokuwa tukiyasoma sisi majumbani.

Walimu wa uandishi wa habari, nawasihi siku kama ile iingie darasani. Kuihadithia hakutoshi, iigizwe. Darasa ligeuzwe chumba cha habari kwa siku nzima: mmoja awe mhariri wa zamu, wengine waandishi, mwingine mpiga picha. Mwalimu akae chumba cha pili, awe ndiye kamanda wa zimamoto, ndiye daktari, ndiye mfanyabiashara aliyenusurika. Saa 3 asubuhi awatupie ujumbe wa WhatsApp usio na mwenyewe, unaosema waliokufa ni 50. Baada ya robo saa awaletee picha ya jengo la nchi nyingine kabisa. Saa 4 kamanda ataje idadi, saa 5 aibadilishe. Hapo ataona nani anapiga simu ya pili na nani anakimbilia kubonyeza. Jioni habari zisomwe mstari kwa mstari, na kila aliyeandika aulizwe: hili ulilipata kwa nani?

Mimi swali hilo lilinifikia nimeshachelewa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwandika mtu kuwa amefariki, kumbe yuko wodini. Tuliomba radhi katika toleo la kesho yake; matanga yalikuwa yameshaanza.

Wapo wasemao fildi inatosha. Lakini siku ya msiba mkubwa mhariri gani ana nafasi ya kumfundisha mtu? Wengine watalia na vifaa. Ni kweli, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina redio na televisheni yake ya Mlimani, na si kila chuo kitayaweza hayo. Zoezi ninalolisema mimi linataka meza, simu za wanafunzi wenyewe, na tovuti iliyofungwa isisomwe na watu wa nje.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, kwa anayesambaza uongo akijua ni uongo ili kupotosha umma. Kijana asiyezoea kuandika saa aliyopiga simu na jina la aliyempokea, siku akiitwa kujieleza atafungua daftari gani?

Nanyi wanafunzi, msingoje ratiba. Nendeni Mtaa wa Kongo, pale pale Kariakoo, wanne wanne, ulizeni bei ya vitenge imepanda kwa nini, muandike ndani ya saa moja. Kisha, kabla ya kuipandisha habari, rudini kwa muuzaji yule mumsomee maneno yake.